Fundi Pua na Mafuta Yaliyolala

Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye karatasi tu. Mtaani, dukani, hata kwa shemeji zake, aliitwa Fundi Pua, na pua yenyewe wala haikuwa kubwa. Ilikuwa pua ya kawaida, imekaa mahali pake juu ya masharubu machache yaliyokataa kujaa. Lakini ilifanya kazi ambayo pua za watu wengine hazifanyi. Ukimletea dumu la petroli, alifungua kifuniko, akainama kidogo, akavuta pumzi mara moja, kisha akakuambia kama anayesoma kwenye daftari kwamba mafuta haya yana miezi mitatu, tena yamekaa juani, na aliyekuuzia kayatia mafuta ya taa.

Pua hiyo aliinoa kazini. Ujanani alifanya kazi kwenye kituo cha mafuta, mwanzo akifuta vioo vya magari, baadaye akishika bomba la petroli kwa miaka kumi na mmoja. Jioni alirudi ananuka petroli toka unyweleni hadi kwenye soksi, mpaka mchumba wake, aliyekuwa akijifunza ushonaji, akamwambia bila kupepesa macho achague moja: abadilishe kazi au awe anaoga mara mbili. Akachagua kuoga mara mbili, na ndoa ikafungwa.

Kituo kilipovunjwa ili barabara ipanuliwe, akaenda kujifunza ufundi wa injini ndogo. Akawa anatengeneza mashine za kukatia majani, zile za kufyekea zinazobebwa begani, pampu za maji na jenereta za dukani. Hakuchukua muda kugundua jambo ambalo wenzake hawakulitilia maanani. Injini nyingi alizoletewa hazikuwa mbovu hata kidogo. Zilikuwa zimelishwa vibaya. Petroli ikikaa ndani ya tangi miezi miwili mitatu inapoteza makali, halafu inaacha utando kama gundi ndani ya kabureta, kile kidude kinachochanganya mafuta na hewa. Vitundu vya humo ni vyembamba kama unywele. Vikiziba, utavuta kamba ya kuwashia mpaka bega liteguke na mashine itakohoa tu. Yeye mafuta ya namna hiyo aliyaita mafuta yaliyolala, kama mtu anavyosema wali umelala.

Karakana yake ilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa bati, upande wa barabara. Misumari na skrubu zilikaa kwenye makopo ya maziwa, kamba za kuwashia zilining'inia ukutani kwa urefu, na plagi zilizokwisha kazi zilipangwa dirishani kana kwamba kuna siku zitafufuka. Chumba cha pili kilikuwa cha mkewe na cherehani yake. Ukuta wa katikati ulikuwa wa mbao nyembamba, hivyo chai ikiwa tayari mke aligonga kwa mkasi mara mbili, na mume akikosa kuitikia, aligonga mara ya tatu kwa namna ambayo hakuna mume asiyeielewa. Mke huyo alikuwa na mzaha wake mmoja asiochoka kuurudia. Aliwaambia wateja kwamba pua ya mume wake inasikia mafuta ya taa toka ng'ambo ya barabara, ila pipa la taka la nyumbani haijawahi kulisikia.

Kusema kweli, Fundi Pua aliipenda ile dakika ya kunusa. Watu walisimama kimya kumtazama. Wapo waliowekeana dau la soda. Yeye alijifanya hajali, lakini mabega yalimpanda kidogo.

Kisha akaugua. Homa ilimlaza wiki mbili, ikamwachia kikohozi na magoti yasiyo na nguvu. Siku aliyorudi karakana alifungua dumu lake mwenyewe la petroli, akainama, akavuta pumzi. Hakupata kitu. Akavuta tena, na tena, mpaka kichwa kikamzunguka. Akasema moyoni kwamba ni mafua tu, yatapita.

Hayakupita. Siku chache baadaye alikuwa ameketi jikoni akichokonoa redio wakati maharage yalipokauka na kuungua hatua mbili kutoka alipokaa. Mkewe alikuja mbio kutoka kwa jirani akamkuta katikati ya moshi, ametulia. Alizima jiko kwanza. Kisha akaketi mbele yake akamuuliza taratibu kama kweli hasikii harufu, naye akakubali kwa kichwa. Wakaenda zahanati. Daktari akawaeleza kwamba hutokea baada ya homa kali, na kwamba kwa wengine harufu hurudi baada ya miezi, kwa wengine hurudi nusu, kwa wengine hairudi. Dawa ya kuharakisha hana.

Njiani Fundi Pua alimwomba mkewe jambo hilo libaki kati yao. Mke hakupendezwa. Alisema uongo ni mzigo, na mumewe hata ndoo ya maji humshinda. Lakini akakubali, kwa shingo upande.

Basi fundi akaendelea kuinama na kuvuta pumzi, sasa kwa ajili ya watazamaji tu. Kabla ya kutoa hukumu aliuliza maswali kwa ujanja, kama mtu anayepiga soga: umeyanunua lini haya, yalikaa wapi, nani amekuletea. Majibu yakimpa mwanga, alikunja uso, akasema yamelala. Kwa mwezi mzima hakukosea sana. Kila aliyeondoka akiwa ameridhika alimwacha ametota jasho mgongoni.

Aliyekuja kumfikisha ukingoni ni mteja aliyempenda kuliko wote. Alikuwa mama mmoja mtu mzima, mrefu, wa maneno machache, aliyetunza viwanja vya hospitali kwa miaka ishirini na mbili. Watu walimwita Mama Nyasi. Alikuwa na mashine mbili, ya kusukuma na ya begani, na alizitunza kama mtu anavyotunza ng'ombe wa maziwa. Mwaka huo alichukua likizo ya miezi miwili na nusu kwenda kumwuguza binti yake aliyejifungua. Aliyemshikia nafasi alitumia fyekeo la mkono siku mbili akachoka, mashine akaziacha stoo zikiwa na petroli tangini, na dumu pembeni yake limefungwa kwa kipande cha nailoni.

Mama Nyasi aliporudi alikuta nyasi zimefika magotini. Wauguzi walilalamika mbu, na wagonjwa waliozoea kuota jua nje walikuwa wamejibana kwenye ukumbi mmoja. Akapeleka mashine zote mbili kwa Fundi Pua, pamoja na lile dumu. Fundi akainama, akavuta pumzi, akauliza petroli hii ni ya lini. Mama Nyasi akajibu kwamba mtunza stoo amemwambia ni ya juzi. Fundi akatikisa kichwa kama mtu aliyethibitisha alichokwisha kujua, akasema ni safi kabisa.

Akasafisha kabureta, akajaza mafuta yale yale, akavuta kamba, zikawaka. Kesho yake zikazima katikati ya uwanja. Akazisafisha tena, zikazima tena. Mara ya pili ile ya kusukuma ilitoa moshi mzito uliowafanya wagonjwa wafunge madirisha, na bwana mmoja wa ofisini akamwambia Mama Nyasi kwamba labda wakati umefika wa kuita kampuni yenye mashine zake, na yeye apumzike. Aliisema kwa adabu, lakini neno kupumzika lilimchoma mama yule kama mwiba.

Alikuja karakana kwa mara ya tatu asubuhi, akisukuma toroli. Ndani yake kulikuwa na mashine na madumu mawili ya njano yanayofanana, moja la petroli, jingine la maji ya kunawia, maana alikuwa na mazoea ya kutembea na maji yake. Hakuwa amekasirika. Alikuwa amechoka tu. Alimwomba fundi aitazame tena petroli, huenda ndiyo yenye matatizo.

Fundi Pua akachukua dumu lililokuwa karibu, akafungua, akainama, akavuta pumzi ndefu kuliko kawaida.

"Hii haina neno, mama," akasema. "Ni mpya. Haijamaliza hata wiki."

Mama Nyasi alicheka. Alidhani fundi anamtania ili kumchangamsha, akamwambia kwamba ni kweli, ameyachota bombani leo alfajiri. Alinyoosha mkono kumpa dumu la pili. Ndipo alipomwona usoni. Fundi alikuwa ameshika kifuniko mkononi, hajui acheke au alie.

"Hayo ni maji, fundi," Mama Nyasi akasema polepole.

Fundi akaketi juu ya tairi. Upande wa pili wa ukuta cherehani ilinyamaza. Fundi akamweleza Mama Nyasi yote, toka homa hadi maharage, toka maharage hadi maswali yake ya ujanja. Alisema amemharibia mashine na karibu amwage unga wake, mtu ambaye hakumkosea chochote. Alisema anafikiria kufunga karakana akaombe kazi ya ulinzi, kwa sababu fundi ambaye hawezi kutofautisha petroli na maji ni hatari kwa watu.

Mama Nyasi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akavuta kigoda, akaketi mbele yake, akamwambia jambo ambalo fundi alilikumbuka miaka mingi.

"Sikuwa nakuja kwa ajili ya pua yako. Nilikuwa nakuja kwa sababu mashine zangu zikitoka hapa zinawaka. Sasa niambie, hiyo pua ilikuwa ikikuambia nini hasa? Tutafute kitu kingine cha kukuambia hayo hayo."

Fundi hakuwahi kuulizwa swali hilo, wala hakuwahi kujiuliza. Alikaa akifikiri, akihesabu kwa vidole. Pua ilimwambia kama petroli imelala. Ilimwambia kama imetiwa mafuta ya taa. Na ilimwambia, ingawa kwa shida, kama ina maji. Mambo matatu tu. Alishangaa jinsi yalivyokuwa machache, baada ya kujivunia pua ile miaka yote.

Mkasi ukagonga ukutani mara mbili, lakini badala ya kuita chai mke akatokea mlangoni na chupa tupu ya jamu mkononi. Alikuwa amesikia kila kitu, wala hakujisumbua kuficha. Alisema maji na mafuta hayakai pamoja, hata mpishi anajua, kwa hiyo wamimine humo waone kwa macho.

Wakamimina petroli ya hospitali. Ikatulia, na chini kabisa ya chupa likaonekana tabaka jembamba linalong'aa, limejitenga na petroli iliyo juu. Ni maji, yaliyoingia kupitia ile nailoni. Fundi akaenda kuleta petroli yake aliyoinunua jana, akaimimina kwenye glasi, akaziweka dirishani bega kwa bega. Yake ilikuwa nyepesi na angavu. Ya hospitali ilikuwa imekolea kama chai ya rangi iliyosahauliwa mezani. Haikuwa ya juzi hata kidogo, mtunza stoo alikuwa amesema lililomjia mdomoni. Kisha fundi akakumbuka jambo la enzi za kituo cha mafuta, ambalo msimamizi wake alilifanya kila gari la mafuta lilipokuja. Akachukua karatasi mbili nyeupe, akadondosha tone la kila moja, akazipeperusha. Tone la petroli yake lilikauka, karatasi ikabaki safi kana kwamba hakikupita kitu. La hospitali likaacha duara la mafuta lisilotaka kuondoka. Kumbe hata mafuta ya taa yalikuwamo.

Mama Nyasi aliinua ile karatasi kwenye mwanga akaitazama kwa muda mrefu. Akasema kama ni hivyo, basi hata yeye anaweza.

Sentensi hiyo ndiyo iliyobadili mambo. Siku hiyo Fundi Pua alimwaga petroli yote kwenye pipa la mafuta machafu, akafungua kabureta zote mbili akazisugua kwa brashi ya meno mpaka vitundu vikaonyesha mwanga, akabadilisha vichujio, akaweka petroli mpya. Kwa ile ya begani, inayokunywa petroli iliyochanganywa na oili, alipima oili kwa kopo la dawa ya kikohozi lenye mistari, tofauti na zamani alipokadiria kwa jicho akiamini pua itamsahihisha. Mkewe akashona vipande vya kitambaa vyenye kitanzi na kuvifunga kwenye mikono ya madumu, na juu ya kila kimoja wakaandika kwa wino usiofutika siku mafuta yaliponunuliwa. Ukipita mwezi mmoja, yatumike upesi. Ikipita miwili, yasiingie kwenye mashine.

Nyasi za hospitali zilimalizwa kwa siku nne. Mama Nyasi hakumweleza bwana wa ofisini kilichotokea. Alimpelekea tu karatasi yenye duara la mafuta na ombi la maneno mawili: kufuli na kivuli. Stoo ikapata vyote viwili.

Jambo gumu lilikuwa kuwaambia wateja. Fundi aliahirisha siku tatu, kisha akapiga moyo konde, akaanza na aliyekuja kwanza, kinyozi mmoja na jenereta ya duka lake. Alimwambia wazi kwamba pua imekufa na sasa anatumia chupa. Kinyozi alicheka mpaka akashika ukuta, akauliza kama sasa aitwe Fundi Chupa. Wapo walioondoka wakaenda kwingine, kwa sababu walichokuja kutafuta kilikuwa kiini macho, na chupa ya jamu haina kiini macho. Hilo lilimuuma, asingeweza kukataa. Jioni moja alimwambia mkewe kwamba anajiona kama mwimbaji aliyekauka sauti. Mke akamjibu kwamba mwimbaji akikauka sauti anaweza kufundisha wengine, mradi asiimbe huku anafundisha.

Na kweli alianza kufundisha, bila kupanga. Kila aliyeleta mashine alifundishwa kumimina petroli kwenye chupa, kudondosha tone kwenye karatasi, kununua kidogo kidogo anachoweza kukimaliza. Aliwaambia dumu lisikae juani wala karibu na jiko, na lifungwe kwa kifuniko chake lenyewe. Kama mashine inakwenda kupumzika msimu mzima, watoe mafuta yote tangini, kisha waiwashe iungurume mpaka izime yenyewe, ili kabureta isibaki na kitu cha kugandisha. Hapo zamani hakuwahi kumwambia mtu hayo. Hakuficha kwa roho mbaya. Pua yake ilikuwa imewafanya watu wamletee makosa yao ayahukumu, na yeye ilimfanya aridhike na kuhukumu.

Mashine mbovu zikaanza kupungua karakana. Aliogopa mwanzoni, akiona benchi tupu. Lakini watu walioacha kuja na mashine zilizokufa wakaanza kuja na zilizo hai, kunoa visu, kubadilisha oili, kukaza mikanda. Walileta na majirani zao. Hospitali ikamwomba awe anatazama mafuta ya jenereta yao kubwa mara moja kwa mwezi. Shule ikaomba hivyo hivyo kwa pampu ya maji. Harufu haikurudi, isipokuwa siku moja alipodhani amesikia sabuni kwenye shati lake. Alisimama nalo usoni hata mkewe akauliza kama anataka kulila.

Mvua zilipoanza, nyasi zilichipua kila mahali kwa pamoja. Miaka iliyopita wiki hiyo ilikuwa wiki ya foleni ya mashine zilizogoma. Mwaka huo Fundi Pua, kwa maana jina halikubadilika licha ya juhudi za kinyozi, alikuwa na nafasi ya kutembea. Alikwenda hospitali kutazama jenereta, akadondosha tone kwenye karatasi yake, akaridhika. Akiwa anatoka akamkuta Mama Nyasi kwenye uwanja wa mbele. Mashine ya kusukuma iliwaka kwa mvuto mmoja, ikatulia kwenye mngurumo mzuri usio na kikohozi.

Walisimama wakiisikiliza. Kisha Mama Nyasi akamuuliza kama amewahi kukata uwanja hata mara moja, toka mwanzo hadi mwisho. Fundi akafikiri. Alikuwa ametengeneza mashine hizo miaka kumi na mitatu, na kumbe hakuwahi kusukuma hata moja zaidi ya hatua tano mbele ya mlango wake. Mama Nyasi akamwachia mshikio.

Mstari wake wa kwanza ulikwenda upande kama nyoka aliyekanyagwa. Kwenye benchi, mzee aliyefungwa bandeji kichwani alimwelekeza kwa mkono, kushoto, kushoto tena. Muuguzi alichungulia dirishani akacheka. Fundi alifika ukutani, akageuza, akarudi akijaribu kufuata ukingo wa alichokata, majani mabichi yakimrukia kwenye viatu. Alipofika kwa Mama Nyasi alitegemea atanyang'anywa mashine.

"Endelea," mama yule akasema, akijikalisha kwenye benchi pembeni ya yule mzee. "Bado robo tatu."